Mnofu wa Jumanne

Saa kumi na mbili na robo, Nkuhungu.
Upepo unaingiza vumbi hata kwenye sufuria iliyofunikwa,
na nimesahau tena kumtoa samaki asubuhi.

Yumo kwenye friza, chini ya barafu za ubuyu za Nyemo:
nusu kilo, minofu ya sangara,
mgumu kama tofali la Mtumba.
Namtia kwenye beseni na mfuko wake. Maji baridi, si ya moto;
ukimharakisha, nje anaiva, ndani bado jiwe.
Juu yake naweka jagi.
Kafa, kagandishwa, kasafirishwa,
na bado anataka kuelea.

Nusu saa, basi.
Vua viatu vya ofisi. Menya kitunguu.
Nyanya tatu za Majengo, zimebonyea upande mmoja kwa bodaboda,
punje mbili za saumu, limao,
bizari kutoka kopo lililokuwa la maziwa.
Luku imebaki uniti nne. Nitatumia gesi.

Mama mkwe, aliyekuja toka Mvumi tangu Jumamosi,
ameketi kizingitini anachambua mlenda mkavu.
Analitazama beseni.
"Mbukwa," anamwambia samaki.
Kimya.
"Kichwa chake kiko wapi?"
Kilibaki Mwanza, mama.
"Na mkia?"
Huko huko.
"Sasa wewe umejuaje kama ni samaki?"

Simjibu, nampangusa kwa kitambaa,
pande zote, hadi akauke, maji na mafuta hayapatani.
Chumvi. Limao. Unga wa ngano, vumbi tu,
kama lile lililoko dirishani.

Kwetu Ukerewe mnofu tuliuona ukipita.
Ulipita na barafu yake, kwenda kiwandani, kisha angani,
kwa watu tusiowajua hata majina.
Kwetu yalirudi mapanki:
kichwa, uti wa mgongo,
na nyama kidogo iliyosahauliwa na kisu.
Mama aliyaanika juu ya mabati, akayakaanga kwa mafuta yaliyokwisha kukaanga,
na jicho tulilinyonya kwa zamu,
Jumatano mimi, Jumapili Bwire,
na Bwire alikuwa mwizi wa Jumatano.

Leo mnofu nimeununua mwenyewe,
kwa mshahara, kwenye mji ambao maji yake huja kwa ratiba,
na nimesimama nao mkononi
sijui niushike wapi.
Hauna upande wa kugombania.

Mafuta yanalia. Naulaza.
Usiuguse! (Najisemea mwenyewe, nina mkono mwepesi.)
Ukiwa haujawa tayari utashika kikaango na kuchanika;
ukiwa tayari utaachia wenyewe.
Geuza mara moja. Toa, weka pembeni.
Kitunguu, saumu, bizari, nyanya,
ziache zivunjike, zitoe mchuzi,
kisha mrudishe samaki, funika,
dakika tano, muda wa kusonga ugali.

"Mama, mbona hana miba?"
Wamemtoa, Nyemo. Kula.
Bibi yake anatafuna taratibu, ulimi ukipekua,
kwa mazoea, kila tonge, kama askari getini.
"Laini," anasema,
kwa sauti ya mtu anayetoa hali ya mgonjwa,
na kuvuta kipande cha pili.
Mlenda wake umekwisha kabla ya samaki wangu; nimeliona hilo.

Fungu la Ndahani nimelifunika, atatoka zamu saa sita.

Halafu, kwenye kipande changu cha mwisho,
jino likagonga kitu.
Mwiba. Mmoja, mwembamba, wa ubavuni,
kisu cha kiwanda kiliusahau.

Walikuwa wananitazama wote wawili.
Niliunyonya hata hivyo,
mpaka ukawa mweupe,
na ilikuwa Jumanne, siyo zamu ya mtu.